Kona Tatu Alizotembea Mama

Ndugu zangu mnaokaa pale barazani dukani kwangu, mmeniuliza mara nyingi, na kila mara nimewajibu nusu nusu. Mnataka kujua niliondokaje na mama akitembea kwa miguu yake nikarudi naye ndani ya sanduku, na kwa nini wiki chache baadaye mliniona tena na begi mgongoni, naelekea kule kule. Nimeamua kuandika. Nikisimulia kwa mdomo mtu hunikatiza kwa pole, na mimi nikishapewa pole huishia hapo hapo.

Mnanijua. Niliondoka kijijini na shati moja. Afrika Kusini nilianza kwa kusukuma toroli sokoni, nikaishia kuwa mtu anayeamua malori yatoke saa ngapi na yapite wapi. Stashahada yangu ya usimamizi wa usafirishaji nilijisomesha mwenyewe, jioni, baada ya kazi, wakati wenzangu wako kwenye bia. Nyumba ya vigae kijijini kwetu ni moja tu, nayo ni yangu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kwa hiyo mama aliponiambia kwamba anataka kwenda hija kwa miguu hadi ziwani, nilijiona ndiye mtu hasa wa kazi hiyo.

Ilikuwa nadhiri. Kuna miaka sita mimi sikuandika wala kupiga simu, sitaki kueleza kwa nini. Mama akamwambia Mungu: huyu wa saba ukinirudishia, nitatembea mpaka kanisa la ufukweni nilikobatiziwa, na pale mteremkoni nitawataja wale sita.

Wale sita ni ndugu zangu. Mama alizaa saba, nimebaki mimi. Watatu niliwajua: dada Oresta, kaka Kosmas, na Benadeta aliyekufa kwa surua tukiwa wadogo. Watatu wengine walikufa wachanga kabla sijazaliwa, na majina yao sikuwahi kuyasikia. Kwa mahujaji wa njia ile, mtoto aliyekufa kabla hajatembea hatajwi nyumbani. Anatajwa mteremkoni tu. Barabara ya kutoka milimani kwenda ziwani ina kona nyingi. Kwenye kila kona hujaji anasimama, anataja kwa sauti mfu wake mmoja, walio nyuma wanaitikia, wanasali fungu moja la rozari, wanashuka hadi kona nyingine. Unaanza na aliyekufa karibuni, unarudi nyuma mpaka wa kwanza. Mfu hutajwa mara moja tu. Baba, kwa mfano, alishatajwa na kaka zake mwaka ule ule aliofariki. Ukishuka kwa gari hakuna atakayekukemea, ila hujamtaja mtu.

Mama alikuwa ameiahirisha safari hiyo maisha yake yote. Mwaka huu ana mtoto mgongoni, mwaka ule kahawa imeiva na hakuna wa kuichuma. Sasa alikuwa amevuka miaka sabini na tano, na majina yale matatu yalikuwa kwake peke yake.

Nyumbani hadi Mbinga mjini

Tulikuwa watu kumi na wanane. Mbele alitangulia katekista wetu, Mwalimu Thadei, na msalaba wa mti begani. Mimi nilikuwa nimeandaa ratiba, nimeichapa, nimempa kila mtu nakala.

Mwalimu Thadei aliisoma akitembea. "Deo, hapa umeandika tutakula saa saba kamili."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Njaa nayo umeipa nakala?"

Watu walicheka mpaka wakasimama. Mimi pia nilicheka, lakini ratiba ile nilikuwa na sababu nayo. Nilikuwa nimetanguliza spika mbili kubwa na kipaza sauti kwa ajili ya kanisa lile la ufukweni. Kamati yao ilikuwa imeniahidi kwamba Jumapili baada ya misa wataniita mbele, mimi na mama, watu watuone. Nilitaka mama asimame pale akiwa na kitenge kipya, kanisa zima lijue kwamba yule mtoto aliyepotea ndiye huyu. Kwa ratiba yangu tungefika Jumamosi mchana, apumzike, Jumapili tuwe mbele.

Mama alitembea vizuri siku ile. Alishika fimbo mkono wa kulia, viatu vya raba nilivyomnunulia akavifunga kamba na kuvining'iniza shingoni, akaenda peku. Tulipita kwenye mashamba ya ngolo yaliyokwisha kuvunwa, vishimo vimejipanga mlima mzima kama sega la nyuki, na kila shamba alilijua mwenyewe. "Hili la marehemu fulani. Hili mke wake aliliacha likaota magugu. Hili ni la watu wavivu." Mwenye shamba la wavivu alikuwa nyuma yetu.

Mbinga hadi Kitai

Mjini alijiunga nasi Yustina, mama mmoja Mnyasa wa Mbaha aliyekuwa amepanda kuuza usipa, wale dagaa wa ziwani. Ni Mwanglikana, lakini mumewe alizama akivua, na alikuwa anashuka na mahujaji ili amtaje. Alimwamkia mama shikamoo, akachukua kifurushi chake bila kuuliza, akakitia kichwani juu ya ndoo yake tupu. Tangu hapo hawakuachana.

Alikuwa mtu wa utani. Mchana tulipokaa kando ya barabara kula ugali na maharage, alitazama sahani yake akashusha pumzi.

"Ninyi Wamatengo, hata siku ya kufika mbinguni mtamwuliza Petro maharage yako wapi."

"Na ninyi mtamwuliza mtumbwi uko wapi," Mwalimu Thadei akamjibu, "maana kutembea hamjui."

"Kutembea huku kwenu ni kupanda, baba. Mbuzi ndiye anayejua."

Mama alicheka hadi akakohoa. Kikohozi kile hakikuisha upesi. Nilikiona, nikampa maji, nikaangalia saa.

Barabara ile ina malori ya makaa ya mawe. Yanapita moja baada ya jingine, na vumbi lake linakaa hewani kama moshi wa tanuri la matofali. Tulikuwa tunageuka, tunaziba pua na vitenge, tunasubiri, tunaendelea. Mimi niliyapenda malori yale, sitawaficha. Niliwaeleza wenzangu uzito wake, yanakula mafuta kiasi gani, na kwamba lile la tatu dereva wake hajui kutumia gia mlimani. Mama akasema, "Deo, wewe unaongea na magari. Ongea na mimi."

Nikamwuliza tuongee nini.

"Niulize kuhusu Oresta."

Dada Oresta alikufa nikiwa nje. Mama alinisimulia kilomita nzima: jinsi alivyoumwa, jinsi alivyokuwa akiuliza kama Deo amepiga simu. Nilisikiliza. Halafu lori likapita, tukaziba pua, na lilipokwisha kupita mimi ndiye niliyebadili mazungumzo.

Kitai hadi Litumbandyosi

Huko ndiko miguu ya mama ilikovimba. Jioni aliiweka juu ya kifurushi, Yustina akaikanda kwa maji ya moto na chumvi. Kidole kikibonyezwa pale penye uvimbe, shimo lilibaki. Nilimwambia mama kwamba naweza kuomba gari limsogeze.

"Umesomea magari," akasema. "Nadhiri hukusomea."

Kwa hiyo tulitembea polepole. Ratiba yangu ilianza kuteleza, nusu siku, kisha siku nzima. Tulilala katika nyumba za wakristo na mara moja katika darasa la shule. Nyumba moja walitupikia kuku, mama mwenye nyumba akanipa mimi firigisi kwa kuwa ndiye niliyeonekana mkubwa wa msafara kwa mavazi. Mwalimu Thadei, ambaye ndiye kiongozi, akapewa shingo. Baadaye njiani akawa ananiita "Mheshimiwa Firigisi", na jina likashika.

Tulipofika Litumbandyosi tulikuta msiba. Mahujaji wa njia ile hawapiti kaburi linapochimbwa. Wakikuta linachimbwa, wanashika jembe. Niliwaambia wenzangu kwamba tusalimie tu, tutoe rambirambi, twende. Mwalimu Thadei alinitazama kama mtu asiyenisikia, akavua koti.

Nilichimba. Mimi kazi siogopi, na vijana wa pale walishangaa kuona mtu wa mabuti mapya anashuka shimoni na kutoa udongo mbele yao. Lakini mazishi yakasogezwa hadi kesho yake kwa kuwa mtoto wa marehemu alikuwa bado safarini, na mimi niliapa kimoyomoyo. Mama alikaa na wafiwa siku mbili kwenye mkeka, chini, penye baridi. Siku ya pili jioni alikuwa na homa.

Litumbandyosi, asubuhi ya Jumamosi

Sehemu hii sikuwahi kumwambia yeyote kati yenu.

Zahanati walimpima mama, wakamkuta na malaria, wakampa dawa. Alitoka jasho usiku kucha. Asubuhi ya Jumamosi nilipomgusa, homa ilikuwa imeshuka. Alikunywa uji nusu bakuli. Akasema anataka kulala kidogo, na kwamba Jumatatu atakuwa na nguvu za kushuka. Mwalimu Thadei naye alikuwa ameshaamua hivyo: Jumapili tusali pale pale kigangoni, Jumatatu alfajiri tuanze mteremko pamoja.

Kwa hiyo hakuzidiwa. Niliwaambia ninyi kwamba alizidiwa, na si kweli. Mimi nilikuwa nafikiria Jumapili. Nilifikiria spika zimefungwa, watu wamekaa, jina langu linasomwa, na sisi tuko mlimani tunakula maharage.

Fuso lililobeba mahindi lilikuwa limesimama sokoni, linashuka ziwani. Nilizungumza na dereva dakika tano. Mambo hayo nayaweza. Alinipa nafasi mbele, kiti kizima, nikatandika blanketi. Mama alikuwa amelala fofofo kwa uchovu na dawa. Nilimbeba mwenyewe. Sikujua kwamba ni mwepesi kiasi kile.

Yustina alikuwa anaosha vyombo. Alisimama na sufuria mkononi.

"Kaka Deo, unampeleka wapi bibi?"

"Hospitali ya chini. Anahitaji matibabu bora."

"Homa imeshuka. Nimemgusa mimi."

"Wewe ni daktari?"

"Si daktari. Ila ameniambia jana majina yake yako matatu ya kutoa na matatu ya kurudisha. Sijui maana yake. Mwamshe kwanza umwulize."

"Nitamwuliza tukifika."

Mwalimu Thadei alikuwa kigangoni. Sikumuaga. Nilipanda, nikafunga mlango.

Mteremko, ndani ya fuso

Ni njia nzuri, kama unaitazama kwa jicho la usafirishaji. Dereva alikuwa anaijua. Kila kona alipiga honi mara mbili, akashika breki, akaachia. Kichwa cha mama kilikuwa begani kwangu, kinaegemea huku na huku kwa kadiri tulivyokata kona. Sikuzihesabu. Kwenye baadhi ya kona kulikuwa na misalaba midogo ya vijiti, na maua yaliyokauka, na mahali pengine kandambili za mtoto. Nilitazama mbele.

Chini kabisa mbuzi walivuka barabara. Dereva akafunga breki ghafla, na mama akaamka.

Alitazama kioo cha mbele muda mrefu. Ziwa lilikuwa limejaa kioo kizima.

"Deo. Ziwa hili ni la wapi?"

"La kwetu, mama. Tumefika."

"Kona ziko wapi?"

"Tumezipita."

Dereva alizima redio. Mama aligeuza shingo akatazama nyuma, lakini kwenye fuso dirisha la nyuma halionyeshi kitu ila magunia. Alikaa hivyo, shingo imegeuka, anatazama magunia, mpaka tulipofika Mbaha.

Ufukweni

Tulifikia kwa shangazi yake Yustina, kwa kuwa Yustina alishatuelekeza tangu njiani kwamba tusipite bila kulala pale. Walituletea ugali wa muhogo na mbasa wa kuchoma, samaki mkubwa aliyejaa sahani. Nilikuwa na njaa. Nilimwuliza mwenye nyumba kama kuna ugali wa mahindi, maana ule wa muhogo unaniteleza. Shangazi akasema taratibu, "Huo ndio tunaompa mgeni, baba." Nilijua nimekosea, nikala wote.

Mama hakula. Hakulala pia. Alikaa kitandani miguu chini, amevaa, kama mtu anayesubiri basi.

Asubuhi tulikwenda kanisani. Ni kanisa la kale la matofali mekundu, upande mmoja makaburi ya makatekista wa kwanza, upande mwingine mchanga na maji. Spika zangu zilikuwa zimewekwa pande zote mbili za altare, na zilisikika vizuri mno, hilo lazima niseme. Sauti ilifika hadi kwenye mitumbwi.

Mama alifika mlangoni akasimama. Nikamshika mkono. Akautoa mkono wangu, akaenda kukaa kwenye nyasi, karibu na kaburi la mwisho.

"Mama, tumeandaliwa kiti mbele."

"Kaa wewe."

"Watatuita."

"Watakuita wewe. Mimi bado niko njiani, Deo. Mtu aliye njiani anaingiaje?"

Niliingia. Baada ya komunyo waliniita, nikaenda mbele peke yangu. Walisoma jina langu na stashahada yangu, na mahali nilikotoka. Wakapiga makofi kwa mapigo matatu matatu. Msomaji akauliza kupitia kipaza sauti changu mama yuko wapi, watu wakageuka kutazama milango. Nikasema hajisikii vizuri.

Nilipotoka alikuwa amekwisha kusimama, ameshika fimbo.

"Lile gari linarudi lini?"

Dereva alikuwa anarudi juu mchana ule ule na magunia ya usipa. Nilijua, kwa sababu nilimwuliza asubuhi. Nilimwambia mama sijui.

Muuguzi wa pale alimpima, akanivuta pembeni. Alisema mapafu yana maji, moyo umechoka, asitembee hata kwenda chooni bila kushikwa. Nilimrudishia mama maneno yale yote, nikaongeza na yangu. Nilimwambia padre amesema Mungu anatazama nia. Nilimwambia nitamleta mwakani, nitamchukulia mtu wa kumsaidia, tutashuka polepole. Nilimwambia aniambie basi yale majina matatu, mimi nitapanda nikayataje kwa niaba yake.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Umenipeleka ulikotaka," akasema. "Sasa nipeleke ninakotaka."

Nikamtafuta dereva.

Kurudi juu

Kupanda kwa gari hakuna ubaya wowote kwa taratibu za mahujaji. Kinachohesabiwa ni kushuka. Mama alikaa dirishani, na safari hii alikuwa macho. Kila kona aliitazama kwa makini, midomo inacheza, kama mtu anayechagua mahali pa kupanda mbegu.

Dereva alimwambia, "Bibi, nikupunguzie mwendo?"

"Endesha tu, mwanangu. Kesho nitapunguza mwenyewe."

Tulifika giza linaingia. Wenzetu walikuwa wanakula. Nilisubiri Mwalimu Thadei aniseme mbele ya watu, na ningependa angenisema. Alisogea kwenye mkeka, akampa mama nafasi. Yustina alimnawisha miguu. Mimi nilipewa sahani, nikaletewa firigisi, kumbe walikuwa wamechinja kuku, na hakuna aliyecheka.

Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu

Tulianza alfajiri. Mama aliomba awe mbele, nyuma tu ya msalaba. Yustina alimshika kushoto, mimi kulia. Hatua kumi, anapumzika. Hatua nane, anapumzika. Kifua chake kilikuwa kinatoa sauti kama chungu cha maharage kilichofunikwa.

Kona ya kwanza alisimama wima, akaachia mikono yetu.

"Oresta."

"Apumzike kwa amani," wakaitikia nyuma yetu. Tukasali.

Kona ya pili ilichukua zaidi ya saa. "Kosmas."

Kwenye kona ya tatu jua lilikuwa limeshapanda, na ziwa linaonekana chini kabisa, jeupe. "Benadeta," akasema, na hapo akatabasamu, akaniambia mimi, si wengine: "Alikuwa anakubeba mgongoni. Hukumbuki?"

"Sikumbuki, mama."

"Ulikuwa mzito. Alikuwa anaanguka na wewe."

Kati ya kona ya tatu na ya nne nilimwona akibadilika. Midomo ikawa ya kijivu. Nikatoa simu, nikawasha kurekodi, nikapiga magoti mbele yake katikati ya barabara.

"Mama, niambie sasa. Yote matatu. Niambie hapa hapa, halafu tutaendelea."

"Hapa si kona."

"Mama, nakuomba."

Akainua fimbo akaonyesha. Kona ilikuwa hatua kama hamsini tu mbele yetu, na mti mdogo wa mtopetope umeota ukingoni. "Subiri. Ile pale."

Nilitaka kumbeba. Mwalimu Thadei alinizuia kwa mkono kifuani, akatikisa kichwa. Hadi leo sijui kama alikuwa na haki. Mimi kumbeba nilishambeba mara moja.

Alizimaliza hatua zile. Tulichukua muda mrefu, na nyuma yetu watu hawakusali wala kuongea. Alifika kwenye kona, akageukia ziwa. Akaachia mikono yetu kama alivyofanya kwenye zile tatu. Akavuta pumzi, midomo ikafungana, kama inavyofungana mtu anapotaka kuanza neno.

Hakuna kilichotoka. Magoti yakalegea, Yustina akamdaka kiunoni, tukamlaza. Aliomba maji kwa kuonyesha. Tulimpa, yakamwagika shingoni. Nilimwinamia nikaweka sikio mdomoni kwake, nikakaa hivyo mpaka Mwalimu Thadei aliponishika bega na kusema, "Deo, inuka. Amekwenda."

Yustina alilia kwa Kinyasa, kwa sauti, peke yake. Kisha mahujaji wengine.

Nyumbani

Mazishi mliyaona. Sanduku lilikuwa zuri, padre alihubiri vizuri, na alisema kwamba Mungu anawajua watoto wa Restituta wote. Wengi wenu mliniambia kwamba mama alikuwa na bahati, kuzikwa na mwanawe namna ile.

Baada ya matanga nilikwenda ofisi ya parokia. Walinifungulia daftari za ubatizo za zamani. Nimo mimi, yumo Benadeta, yumo Kosmas, yumo Oresta. Wale watatu hawamo, walikufa kabla ya maji. Nilikwenda kwa bibi mmoja wa kijiji cha pili aliyekuwa akizalisha wanawake zamani. Alikumbuka kwamba mmoja alikuwa wa kike na alizaliwa wakati wa mvua. Jina, alisema, alilijua mama tu. Alimnong'oneza mtoto sikioni alipokuwa akimfunga kitambaa. Niliuliza ndugu wa baba. Walinishangaa kwamba nauliza.

Mnajua mimi si mtu wa kushindwa kupata taarifa. Lori likipotea kati ya nchi mbili, mimi ndiye niliyekuwa ninaitwa. Nilizunguka wiki tatu.

Mteremko, mara ya pili

Mwezi uliopita Mwalimu Thadei alikuwa anashuka na kundi jingine, nikaomba kwenda. Nilikwenda kwa miguu tangu nyumbani. Yustina alitukuta Litumbandyosi, na ndoo yake. Sikuandaa ratiba.

Mama alishawataja Oresta na Kosmas na Benadeta, hao wamekwisha. Mimi nilikuwa na mfu wangu mmoja, naye ni mama. Nilimtaja kona ya kwanza. "Restituta." Wakaitikia. Yustina aliitikia kuliko wote.

Kona ya pili na ya tatu nilipita nikiwaitikia wengine. Kona ya nne niliiomba. Mwalimu Thadei alinitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini nina jina gani. Nikamwambia sina, naomba tu nisimame.

Nilisimama pale pale, nikageukia ziwa. Nilijaribu kufunga midomo kama alivyoifunga yeye, nikidhani labda neno litajua njia yake. Nilijaribu mara kadhaa. Nyuma yangu watu zaidi ya ishirini walikuwa wamesimama kwenye vumbi, rozari mikononi, wananyamaza, wanasubiri nitaje jina ili waitikie.